Kuhama kliniki ya kifafa bila kukosa dawa: mwongozo kwa wagonjwa wa Unguja na Pemba

Siku za hatari kwa mwenye kifafa anayehama kliniki ni zile za katikati. Dawa za kliniki ya zamani zimebaki vidonge vitatu, kliniki mpya imempangia Jumatano ya wiki ijayo, na nyumbani kila mtu anadhani mwenzake ameshafuatilia. Dawa za kifafa haziachwi ghafla. Zikikatika siku mbili tatu, hata mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka anaweza kuanguka mfululizo, na mshtuko usiokatika unaweza kuua.

Kwa hiyo shika kanuni moja: usibadilishe kliniki na dawa kwa wakati mmoja. Hamisha faili kwanza. Dawa zibaki zile zile, kipimo kile kile, saa zile zile. Ukivibadilisha vyote viwili pamoja na mgonjwa akaanguka, hakuna atakayejua kilichosababisha: dawa mpya haimfai, kipimo kimekosewa, au ni zile siku mbili alizokosa dawa. Daktari mpya anaanza kukisia, na gharama ya kukisia anailipa mgonjwa.

Je, kuna haja ya kuhama?

Wengi huhama mapema mno. Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tegretol, ina tabia yake: mwili ukishaizoea huanza kuivunja haraka zaidi. Mgonjwa anaanza dawa, anatulia wiki tatu, kisha wiki ya nne au ya tano anaanguka tena. Nyumbani wanasema dawa imechoka na daktari hajui kazi, wanahama. Kumbe mara nyingi ilitakiwa kipimo kipandishwe kidogo tu, na daktari yule yule angelifanya hilo katika hudhurio linalofuata. Fenobabitoni nayo huchukua wiki mbili hadi tatu kutulia mwilini, kwa hiyo kuihukumu baada ya siku tano ni kuionea.

Sababu za haki zipo. Daktari habadilishi chochote wala haulizi chochote wakati mgonjwa anaanguka kila wiki. Kliniki inaishiwa dawa mwezi hadi mwezi. Daktari amehama. Nauli na muda wa kutoka Makunduchi au Micheweni umekushinda. Bei imepanda hadi umeanza kugawa kidonge nusu nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Hapo hama leo, kwa sababu mgonjwa anayekula nusu dawa yuko hatarini tayari.

Ipo sababu moja isiyofaa kucheleweshwa. Kama dawa mbili tofauti, zilizochaguliwa sawasawa, zikapandishwa hadi kipimo kinachostahili na zikamezwa bila kukosa, bado hazijazuia kuanguka, mgonjwa huyo hahitaji kliniki nyingine ya mtaani. Anahitaji bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Omba barua ya rufaa kwenda Mnazi Mmoja, na kutoka hapo, ikibidi, Muhimbili, Dar es Salaam. Kuzunguka kliniki tano zinazoandika dawa zile zile ni kupoteza fedha na miaka ya mtoto skuli.

Jambo jingine lisemwe wazi. Unguja, matibabu ya kifafa kwa muda mrefu yamekwenda pamoja na huduma za afya ya akili, na Kidongo Chekundu, spitali ya maradhi ya akili, ndilo jina linalokuja mdomoni. Familia nyingi hukimbilia kliniki binafsi ili mtoto asionekane akiingia pale. Kifafa ni maradhi ya ubongo, na aibu hiyo mgonjwa hastahili kuibeba, ila inaeleweka. Kabla ya kutoka upande wa serikali, fanya hesabu: dawa uliyokuwa ukiipata bila malipo utainunua kila mwezi, kwa miaka. Unaweza pia kumwona daktari binafsi na dawa ukaendelea kuichukua spitali ya serikali, madhali anayeandika dawa ni daktari mmoja tu. Waandishi wawili wasiojuana ndio chanzo cha mgonjwa kumeza dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili ya biashara.

Kuchagua kliniki

Nenda ukiwa peke yako kwanza, bila mgonjwa, asubuhi ya siku isiyo na watu wengi. Leseni ya kliniki inatakiwa iwe imetundikwa ukutani. Soma mwaka wake. Kliniki na spitali binafsi Zanzibar zinasimamiwa na Bodi ya Ushauri wa Hospitali Binafsi, na daktari mwenyewe anasajiliwa na Baraza la Madaktari Zanzibar. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu.

Mapokezi uliza haya, na majibu uyaandike:

Daktari anayeshughulikia kifafa anakuja siku gani na saa ngapi? Madaktari wengi asubuhi wako spitali ya serikali, binafsi wanaingia jioni. Asipokuwepo, nani anasoma faili? Jibu la "yeyote atakayekuwepo" linakubalika kama faili linaandikwa vizuri. Kama kila mtu anaandika kwenye daftari lako la mistari na kliniki haibaki na nakala, kumbuka kwamba siku daftari litakapolowa kwenye boti, historia yote imekwenda.

Dawa anayotumia mgonjwa iko dukani kwenu sasa hivi? Omba uione boksi lake. Neno "ipo" bila boksi lisikuridhishe.

Kidonge kimoja bei gani? Usiulize bei ya "dozi". Anayemeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku anahitaji vidonge 60 kwa siku 30. Zidisha, jumlisha ada ya kumwona daktari na nauli, ndipo ujue bei ya mwezi. Kama una kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au bima nyingine, uliza mambo mawili tofauti: kliniki imo kwenye mfuko? Na dawa hii hasa imo? La kwanza likiwa ndiyo, la pili linaweza kuwa hapana.

Usiku mnafunga saa ngapi? Karibu zote zinafunga. Jua tangu siku ya kwanza mgonjwa akizidiwa usiku mnakimbilia wapi: Mnazi Mmoja kwa wa mjini, Kivunge au Makunduchi kwa wa shamba, Abdulla Mzee, Chake Chake au Wete kwa wa Pemba.

Kuhusu daktari mwenyewe, kipo kipimo kimoja kizuri kuliko vyeti. Je, anamhoji aliyemwona mgonjwa akianguka? Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Daktari anayekijua kifafa atamuuliza mama au mwenza: alianza kukakamaa upande gani, macho yalikwenda wapi, ilichukua dakika ngapi, alijikojolea, aliuma ulimi, baadaye alilala au alichanganyikiwa, utotoni alipata degedege au kuumia kichwa. Kama mna video kwenye simu ataitaka. Anayeandika dawa bila maswali hayo, huyo mpite. Mpite pia anayetaka picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya kichwa, kila hudhurio. CT ina kazi yake mwanzoni au dalili zikibadilika. Haisomi kama dawa inafanya kazi. Na kipimo cha EEG, kile cha kusoma umeme wa ubongo, kikitoka safi hakimaanishi mgonjwa hana kifafa. Kinaweza kutoka safi kwa sababu siku ile ubongo ulikuwa umetulia.

Barua ya muhtasari

Hii ndiyo kazi kubwa ya kuhama. Ianze wakati vidonge vya wiki mbili bado viko nyumbani. Kwa Pemba, na hasa miezi ya kusi boti zinapoahirishwa, anza na wiki tatu mkononi.

Usiombe "faili". Faili halisi ni la kliniki na wengi wanakataa kulitoa, kisha ubishi unaanza. Omba barua ya muhtasari wa matibabu, moja, yenye saini, muhuri na tarehe. Iombe kwa daktari mwenyewe, mwisho wa hudhurio la kawaida: "Shikamoo Dokta. Tunakushukuru kwa ulivyomtazama mtoto. Sasa tunahamia kliniki ya karibu na nyumbani, tunaomba utuandikie muhtasari wa matibabu yake ili daktari mwingine asianze upya." Ukiomba kwa adabu hiyo, madaktari wengi huandika pale pale. Lipa deni lolote la kliniki kabla ya kuomba.

Isome kabla hujatoka mlangoni. Inatakiwa iwe na: aina ya kifafa kama daktari anavyokiona, tarehe ya kuanza matibabu, kila dawa iliyowahi kutumika, kipimo cha juu kilichofikiwa na kwa nini iliachwa, dawa za sasa kwa jina halisi na miligramu, matokeo ya vipimo, na tarehe ya mwisho mgonjwa alipoanguka. Sehemu inayosahaulika zaidi ni ile ya dawa zilizoachwa na sababu zake. "Alipata vipele vya mwili mzima kwa kabamazepini" ni sentensi moja, nayo inaweza kumwokoa mgonjwa asirudishiwe dawa itakayomchubua ngozi hadi alazwe.

Piga picha kila ukurasa. Karatasi yenyewe iweke kwenye bahasha ya plastiki. Wakikataa kabisa kukuandikia, omba nakala ya matokeo ya vipimo na cheti cha mwisho cha dawa, kisha hama. Kwa karatasi hizo mbili daktari mzuri anaweza kufanya kazi. Malalamiko yana Bodi na Baraza, yatapelekwa baadaye mgonjwa akiwa ametulia.

Hesabu miligramu, usihesabu vidonge

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tazama bahasha ya khaki kutoka duka la dawa. Imeandikwa kwa kalamu "1x2". Ndani mna vidonge vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye karata yake, na mkasi umepita palepale penye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kliniki ya zamani ilikuwa ikitoa kabamazepini ya miligramu 200. Moja asubuhi, moja usiku, jumla 400. Kliniki mpya ina ya miligramu 400, ile ya kuyeyuka taratibu. Mtoa dawa anatazama bahasha ya zamani, anaandika tena "1x2". Mgonjwa sasa anameza 800 kwa siku. Siku ya pili anaona watu wawili wawili, anapepesuka kama mlevi, anatapika, na jirani anasema pepo amerudi kwa nguvu. Kosa hilo likigeuka, kutoka 400 kwenda 200, dawa inakatwa nusu bila mtu kujua na mgonjwa anaanguka.

Kwa hiyo:

1. Andika kwenye karatasi moja jina la dawa, miligramu za kidonge kimoja, vidonge vingapi, saa ngapi, na jumla ya miligramu kwa siku. Jumla ndiyo usiyoiruhusu ibadilike siku ya kuhama.

2. Beba boksi au karata tupu ya dawa ya zamani hadi dirishani. Omba karata nzima, isiyokatwa. Ikibidi kukatwa, piga picha jina na tarehe kwanza.

3. Uliza kama kidonge ni cha kawaida au cha kuyeyuka taratibu. Cha kuyeyuka taratibu hakisagwi wala hakitafunwi, kwa sababu dawa yote itatoka kwa pamoja.

4. Kampuni ikibadilika, mwambie daktari hata kama miligramu ni zile zile. Kwa fenitoini hasa, tofauti ndogo hubadilisha mambo: kuongeza kutoka miligramu 300 hadi 400 kunaweza kumfanya mtu apepesuke na macho yake yachezecheze.

5. Nunua mahali palipoandikishwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ubaki na risiti.

Dawa za zamani zilizobaki zitumie kwanza, au zifunge pembeni. Zisikae kikapu kimoja na mpya.

Mafuta ya bangi kutoka kwa jamaa wa Uingereza

Je, jamaa aliyeko Uingereza anaweza kutuma mafuta ya bangi ya kutibu kifafa? Swali hili huja kwa familia zenye jamaa nje, kwa hiyo lijibiwe kwa kirefu kidogo.

Uingereza, tangu tarehe 1 Novemba 2018, madaktari bingwa wanaruhusiwa kuandika dawa zitokanazo na bangi. Ipo moja iliyopasishwa kwa kifafa, Epidyolex, ambayo ni kanabidioli iliyosafishwa, miligramu 100 kwa kila mililita. Huduma ya afya ya umma ya huko iliipokea kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, ikitumiwa pamoja na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, na baadaye kwa kifafa kinachotokana na ugonjwa wa tuberous sclerosis. Mafuta mengine mengi hutoka kliniki binafsi, kwa kulipia, chini ya bingwa. Cheti chake cha dawa huisha nguvu baada ya siku 28, na kwa kawaida hutolewa dawa isiyozidi ya siku 30. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko huko akihama kliniki ana mtihani ule ule wa siku za katikati: aombe muhtasari kwa daktari wake wa mtaa, apate barua ya kuachiliwa kutoka kliniki ya kwanza, amwone bingwa wa pili kabla chupa haijafika robo, na asiandikishwe kliniki mbili kwa pamoja. Hesabu nayo ni ile ile. Mafuta ya miligramu 20 kwa mililita na ya miligramu 50 yanakaa kwenye chupa zinazofanana, na bomba la sindano lile lile likijazwa mililita moja linatoa dawa mara mbili na nusu.

Hayo ni ya huko. Unguja na Pemba, kama ilivyo Bara, bangi ni dawa ya kulevya kisheria, na barua ya daktari wa London haitamwokoa aliyekamatwa nayo uwanja wa ndege wa Kisauni au bandarini Malindi. Usimwombe jamaa akutumie, na jamaa asiibebe. Mafuta yanayouzwa kwa simu kama "ya kifafa" hayana anayethibitisha kilichomo ndani. Tena kanabidioli ikikutana na klobazamu humzidishia mgonjwa usingizi mzito, na ikikutana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kuudhuru ini, ndiyo maana huko kwenyewe hupimwa damu. Kama mgonjwa ameshapewa, mwambie daktari bila kuficha. Anahitaji kujua ili apange dawa zake, na akikukemea, vumilia.

Siku ya kwanza kliniki mpya

Nenda na aliyeshuhudia mgonjwa akianguka, barua, maboksi, video na karatasi ya miligramu. Dawa ya asubuhi imezwe kama kawaida. Hakuna haja ya kwenda "tumbo tupu" ila mkiwa mmeambiwa hivyo kwa kipimo maalumu.

Taja kila kinachoingia mdomoni. Dua na kombe haviigombanishi familia na daktari, na visomo viendelee kwa anayetaka. Kinachoua ni kuambiwa "acha vidonge ili dawa hii ifanye kazi". Miti ya kunywa itajwe kwa jina. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi zitajwe pia, kwa sababu kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hugongana nazo.

Kwa mwanamke au msichana aliyevunja ungo, maswali mawili yaulizwe hata kama daktari hakuanza yeye. La kwanza, je, katika dawa hizi mna valproeti, inayojulikana pia kwa jina la Epilim? Mtoto 1 katika kila 10 wanaozaliwa na mama anayeitumia huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 katika kila 10 hupata shida ya ukuaji wa akili. Aliyeshika mimba akiitumia asiiache mwenyewe. Amwone daktari siku hiyo hiyo. La pili, uzazi wa mpango: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hudhoofisha vidonge na vijiti vya kwenye mkono. Kitanzi cha shaba hakiathiriwi na dawa hizi.

Ramadhani ikikaribia, mjadala ufanyike mwezi Rajabu au Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Fenobabitoni humezwa mara moja usiku, kwa hiyo funga haiisumbui sana. Dawa za mara mbili zinaweza kupangwa futari na daku. Kinachowaangusha wengi mwezi huo ni kukosa usingizi, na mwenye kifafa kisichotulia ana ruhusa ya dini kutofunga.

Rudi baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha miezi miwili. Nyumbani tundika kalenda. Kila siku mgonjwa akimeza dawa zote weka alama, akianguka andika saa, dakika, na kama siku ile alikosa dawa, usingizi au alikuwa na homa. Akianguka, mlaze ubavu, msimtie kitu mdomoni, msimkandamize, msimnusishe kitunguu wala kiatu. Tazameni saa. Zikipita dakika 5 au akirudia kabla hajazindukana, spitali.

Katika marudio hayo ya tatu, kalenda ikiwa na miezi mitatu ya alama, ndipo swali la dawa lina maana: "Dokta, kwa hali hii tupandishe, tubadilishe, au tubaki?" Akibadilisha, mpya huingizwa kidogo kidogo na ya zamani hutolewa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mwombe aandike ratiba nzima kwenye karatasi. Na mgonjwa akifikisha miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kuzungumzia kupunguza dawa, nako hufanywa kwa miezi, kalenda ikiwa bado ukutani.